Makufuli ya Stima

Jumatatu, 11 Machi

Binti yetu Sheila amepiga simu kutoka Kisii mjini. Anataka ninunue daftari niandike kila kitu ambacho mama yake anasahau, siku na saa, ili tukifika kwa daktari nisianze kukuna kichwa. Sheila ni muuguzi, anajua madaktari huuliza nini. Kwa miaka thelathini na moja niliandika daftari la zamu katika kiwanda cha chai, kwa Kiswahili hiki hiki cha kazini, kwa hiyo kuandika hakunishindi. Ila daftari lile lilikuwa la mashine.

Daktari atakayesoma ajue hivi. Naitwa Obwocha, fundi wa stima mstaafu. Mke wangu ni Persis, fundi wa kushona nguo, miaka sitini na sita. Tunakaa Gesima, wawili tu, na shamba letu la majani chai liko nyuma ya nyumba.

Tukio la kwanza. Ijumaa iliyopita, saa nane mchana, aliacha pasi ya stima ikiwaka juu ya meza anayokatia vitambaa, akaenda kwa jirani yetu Bosibori kuomba mboga. Mimi nilikuwa shambani nachuma. Nilinusa kabla sijaona. Nilipoingia, pasi ilikuwa imezama kwenye mbao na pazia la dirisha limeanza kushika moto. Nikalivuta chini, nikalikanyaga.

Aliporudi nikamwonyesha meza. Aliitazama, kisha akaniuliza nani alikuwa akipiga pasi.

Jumatano, 13 Machi

Tukio la pili. Birika la stima limewashwa bila maji. Limeungua chini. Mvua imeanza, ya rasharasha.

Ijumaa, 15 Machi

Mvua. Hakuna tukio.

Jumapili, 17 Machi

Tukio la tatu. Amewasha koili ya kupikia na kuweka juu yake bakuli la plastiki lenye unga. Nilikuwa sebuleni, hatua kumi tu kutoka jikoni, nasikiliza redio. Nilipofika, plastiki ilikuwa inatiririka kwenye koili na Persis amesimama pembeni, anaushangaa moshi kana kwamba unatoka katika nyumba ya mtu mwingine.

Alilia. Alisema anajua vizuri kwamba plastiki haiwekwi motoni, hajui mkono wake ulifanya nini. Nilifungua madirisha.

Baadaye nilikaa nikafikiri kama fundi. Kiwandani, mtu akitaka kuingia ndani ya mashine kuitengeneza, alizima swichi kubwa, akaipiga kufuli na kutundika kibao: USIWASHE. Katika zamu zangu zote hakuna mtu aliyepoteza hata kidole. Nyumba nayo inaweza kufungwa.

Jumanne, 19 Machi

Jana nilikwenda Keroka, mchomeleaji akanitengenezea masanduku madogo ya chuma. Leo nimeyafunga juu ya kila soketi: jikoni, sebuleni, chumba cha kushonea. Kila sanduku lina kufuli lake, na funguo zote ziko katika mfuko wangu wa suruali. Hakuna kifaa kitakachowaka humu bila mimi kujua.

Persis alikaa kwenye kiti chake cha cherehani akanitazama nikitoboa ukuta. Cherehani inaendeshwa na mota, nayo nimeifungia. Akauliza nafanya nini. Nikamwambia ni mambo ya usalama.

"Usalama wa nani?"

"Wetu sote, Mama Sheila."

Alikuwa na blauzi mikononi. Akaikunja, akaitia katika mfuko, akaufunga fundo.

Jumamosi, 23 Machi

Sabato. Hakuna tukio.

Jumatano, 27 Machi

Hakuna tukio. Mvua kubwa alasiri. Majani yanachipua upesi kuliko mikono yangu.

Jumatatu, 1 Aprili

Siku kumi na tatu bila tukio. Kiwandani wangeandika ubaoni watu wote waone. Nimeridhika na kazi yangu.

Jambo moja tu. Asubuhi Persis alinifuata shambani kwenye matope, akaniomba nikamfungulie jikoni achemshe chai. Alisema "tafadhali". Miaka arobaini na mbili ya ndoa, hajawahi kuniambia tafadhali kwa ajili ya chai. Nikamwambia angoje nimalize mstari ule. Nilimaliza mistari mitatu. Nilipogeuka alikuwa amesharudi nyumbani, na mimi nilikuwa nimemsahau.

Jumapili, 7 Aprili

Sheila alikuja kututazama. Nilimpa daftari kwa fahari. Alisoma, akafunua kurasa mbele na nyuma, akauliza mama yake siku hizi anashona nini. Nikasema hashoni. Akauliza basi hufanya nini. Nikasema hukaa barazani.

Alinirudishia daftari. Alisema pole pole, kwa kuwa ana heshima, kwamba katika kurasa hizo za "hakuna tukio" amemtafuta mama yake na hakumwona. Nikajibu kwamba afadhali mama anayekaa barazani kuliko mama aliyeungua. Hakubishana. Ameniambia daktari atatuona tarehe ishirini na nne.

Nilikasirika kidogo. Yeye yuko mjini. Mimi ndiye ninayekanyaga mapazia.

Ijumaa, 12 Aprili

Mvua ya siku tatu mfululizo. Persis ameniambia kwamba kwaya ya kina mama itaimba Sabato ya tarehe ishirini, na blauzi zao kumi na mbili ziko kwake tangu Februari, hazijaisha. Mimi nilikuwa sijui. Nikamwambia nitazipeleka kwa fundi mwingine Keroka. Akavuta mfuko wa blauzi karibu naye.

Sijazipeleka. Mvua.

Jumatano, 17 Aprili

Naandika haya katika hospitali, Keroka, nimekaa kwenye benchi la korido. Daftari lilikuwa ndani ya koti.

Jana saa saba nilipeleka majani kwenye kituo cha kununulia. Mara mvua ya mawe ikashuka. Wenyeji tunaijua: kwa dakika chache inaweza kupasua shamba zima kama mtu aliyepita na fimbo. Tulijibanza chini ya bati la kituo, na kwa kelele zile mtu hakuweza kuongea na mwenzake. Nilikuwa nafikiria majani yangu. Ndiyo niliyokuwa nafikiria, naandika ukweli.

Ilipopungua nikarudi. Uani kulikuwa na mawe ya barafu mpaka kwenye kifundo cha mguu. Mlango umefungwa, madirisha yote yamefungwa, na Persis alikuwa ameziba upenyo wa chini ya mlango kwa gunia ili maji yasiingie. Niliita. Nikasukuma mlango.

Alikuwa sakafuni katika chumba cha kushonea, ubavu wake kwenye mguu wa cherehani. Juu ya meza kulikuwa na pasi ya makaa, ile ya marehemu mama yangu, ambayo nilidhani ilishauzwa kwa wanunuzi wa vyuma. Jiko la makaa lilikuwa kando yake, jekundu pyu. Hapakuwa na moshi. Chumba kilikuwa na joto zuri, la kupendeza, na kichwa changu kikaanza kuzunguka hapo hapo nilipoinama.

Nikamshika kwapani nikamburuta. Ni mwepesi kuliko nilivyokumbuka. Nilimlaza uani juu ya barafu, mvua ikimpiga usoni, nikamwita kwa jina lake la usichana, Mong'ina, Mong'ina, jina ambalo sijalitumia tangu Sheila azaliwe. Midomo yake ilikuwa na rangi nisiyoijua. Alikuwa anapumua, lakini kwa mbali.

Bosibori alisikia akaja mbio na kanga kichwani. Yeye ndiye aliyekimbia mpaka kituoni, na lori la kubeba majani bado lilikuwa pale. Dereva hakuuliza swali. Tulimpakia Persis mbele, Bosibori akampakata, mimi nikapanda nyuma juu ya magunia ya majani ya watu. Njia nzima nilishika funguo mfukoni. Sijui kwa nini. Nilizishika mpaka zikaniacha alama kiganjani.

Hapa wamemwekea oksijeni. Mhudumu alinieleza kwamba makaa yakiwaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa isiyo na harufu, na hewa hiyo humlaza mtu taratibu asijue. Alisema kwamba ningechelewa nusu saa nyingine tusingekuwa tunazungumza.

Nikamuuliza kama pasi ya stima ingefanya hivyo. Alinitazama akasema hapana.

Alasiri, siku hiyo hiyo

Amefumbua macho. Swali lake la kwanza lilikuwa kama blauzi imeungua. Nikamwambia haikuungua.

"Zilikuwa zimebaki tano," alisema.

Sikuelewa mpaka Bosibori aliponieleza. Kila asubuhi nilipokuwa shambani, Persis alikuwa anashona blauzi za kwaya kwa sindano ya mkono. Saba alishazimaliza. Jana alitaka kuzipiga pasi, na pasi ya stima nilikuwa nimeifungia mimi.

Nilikaa kando ya kitanda. Nilitaka kumwambia mengi. Yeye akatangulia, bila hasira, kama mtu anayeeleza njia.

"Ulifunga, Baba Sheila. Nikatafuta pengine pa kupitia."

Ijumaa, 19 Aprili

Tumerudi nyumbani. Nilipofungua daftari ili niandike tukio la nne, kalamu ilisimama. Kiwandani, baada ya ajali, swali la kwanza lilikuwa nani alikuwa na ufunguo.

Tukio la nne ni langu.

Jiko na pasi ya makaa nimevipeleka kwa Bosibori avifungie katika ghala lake. Yeye na kina mama wengine watatu wamegawana blauzi zilizobaki, wanazimalizia kwao.

Jumamosi, 20 Aprili

Kwaya imeimba. Persis hakuweza kwenda, bado ana kizunguzungu. Wakapita hapa nyumbani baada ya ibada wakaimba uani, wote kumi na wawili. Yeye alikuwa anatazama kola zao, si midomo.

Jumapili, 21 Aprili

Apondi amekuja kutupa pole. Ni binti wa Homa Bay aliyekuja kiwandani kujifunza kazi ya stima nilipokuwa nimebakiza miaka mitano nistaafu, na wanaume wengine hawakutaka kumfundisha. Sasa ana karakana yake Kisii mjini, anatengeneza vifaa vya nyumbani, ameajiri mafundi wawili. Bado ananiita Mwalimu.

Alimsalimia Persis, wakaongea kuhusu samaki aliowaleta. Kisha akazunguka nyumba akitazama masanduku yangu ya chuma, moja baada ya jingine. Nilijua anakagua. Aliniambia kazi ni safi, skrubu zimekaa sawa. Tulipofika chumba cha kushonea, akashika kufuli akaniuliza.

"Mwalimu, siku ya kwanza ulinifundisha kwamba ufunguo hukaa na nani?"

"Na yule ambaye mkono wake uko ndani ya mashine."

"Na hapa mkono ulio ndani ni wa nani?"

Niligusa funguo mfukoni. Alisema tu kwamba kwenye mashine kubwa, tukiwa watu wawili, kila mmoja alipiga kufuli lake mwenyewe pale pale penye swichi, na mashine haikuguswa mpaka wote wawili wafungue. Hata mimi mkubwa wa zamu sikuweza kufungua kufuli la mwanafunzi. Alikumbuka siku ambayo meneja alifoka kwa sababu mashine ilimsubiri Apondi, msichana wa miaka ishirini na mbili, amalize chakula chake.

Mimi pia nimeikumbuka. Mimi ndiye niliyemwambia meneja asubiri.

Jumatano, 24 Aprili

Kwa daktari, Kisii. Sheila alitupokea getini. Daktari ni mwanamke mpole, hana haraka. Alisoma daftari hili, matukio matatu na lile la nne. Aliuliza mengi, akamchorea Persis saa aweke mishale, akamtajia maneno matano ayarudie. Mawili yalipotea.

Ni ugonjwa wa kusahau. Hautarudi nyuma. Dawa zitaupunguzia mwendo, na vile vitu ambavyo mikono yake imevifanya maisha yote vitakaa naye muda mrefu kuliko maneno. Alisema kumnyang'anya kazi si kumlinda. Hakunitazama aliposema hivyo, nami nilishukuru.

Kisha akamgeukia Persis akamuuliza yeye mwenyewe anataka nini nyumbani. Nilishtuka, kwa sababu mimi sijawahi kumuuliza. Nilimfungia nyumba nzima na sikumuuliza.

Persis alinyoosha nguo yake magotini.

"Cherehani nirudishiwe, hiyo siikosei. Koili sitaki tena. Pasi..." Alinyoosha tena. "Pasi naiogopa hata mimi. Lakini nguo isiyopigwa pasi haijaisha."

Alhamisi, 25 Aprili

Nimeng'oa sanduku la cherehani kabla ya kunywa chai. Tangu asubuhi nasikia mota. Sikuchuma leo.

Jumapili, 5 Mei

Apondi amekuja na vyombo vyake, tumefanya kazi pamoja kutwa nzima. Masanduku ya sebuleni yametoka. Koili tumempa Sheila. Sanduku la soketi ya birika limebaki jikoni, na Persis mwenyewe ndiye aliyesema libaki. Asubuhi tunachemsha chai wote wawili na kuitia katika chupa, inakaa moto mpaka jioni.

Soketi ya pasi ndiyo iliyotuchukua muda. Sanduku lake sasa lina matundu mawili ya kufuli: langu na lake. Mmoja asipofungua, pasi haiwaki. Ndani Apondi ameweka taima: ukiwasha, stima inakuja kwa dakika ishirini, kisha inakatika yenyewe, na mtu lazima aje kuibonyeza upya. Juu ya mlango kuna taa nyekundu inayowaka pasi ikiwa na stima, naiona hata nikiwa uani.

Tulimweleza Persis mara tatu. Mara ya tatu akasema ameelewa tangu ya kwanza, alikuwa anatuacha tuongee.

Jumatatu, 6 Mei

Ufunguo wake umepotea. Tumetafuta nusu siku, tukaukuta katika kopo la unga. Nikaanza kusema kwamba labda nimtunzie. Sikumaliza sentensi.

Jumanne, 7 Mei

Ameshona mfuko mdogo ndani ya kila aproni yake, upande wa kushoto, wenye kifungo. Ameujaribu na ufunguo mbele yangu. Aproni zake ni nne. Apondi amechonga funguo nne.

Jumatano, 15 Mei

Mvua inapungua. Majani yaliyopasuliwa na mawe yamedondoka, na mapya yanatoka, madogo na mekundu kidogo kwenye ncha.

Bosibori ameamua kujifunza kushona. Anakuja Jumatatu na Jumatano, siku ninazochuma. Mshono wake wa kwanza ulikwenda kama barabara ya kwetu, kona tupu. Persis aliufumua wote bila huruma na kumrudishia. Leo aliniambia, wakati Bosibori anasikia, kwamba mwanafunzi huyu ni mgumu lakini atafika. Bosibori alicheka mpaka akashika meza.

Persis alimwita Nyaboke mara mbili, jina la dada yake aliyefariki. Bosibori aliitika.

Jumapili, 19 Mei

Hakuna la maana. Ndizi zimeiva, tumekula nyingi.

Alhamisi, 23 Mei

Siku mbaya. Aliamka akitafuta mama yake, akaniuliza mimi ni nani wa hapa. Nilimwambia mimi ni Obwocha wa Gesima. Akasema anamjua Obwocha, ni kijana wa stima. Nilikaa naye barazani. Mchana akili ilimrudia, akaniuliza kwa nini sijanyoa ndevu.

Ijumaa, 24 Mei

Hili nataka kuliandika vizuri.

Leo ni siku ya kuandaa nguo za Sabato. Saa tisa nilikwenda chumba cha kushonea, nikafungua kufuli langu, nikangoja afungue lake. Mkono wake uliingia katika mfuko wa aproni, ukashika ufunguo, ukakaa hapo.

Alisema, "Leo kichwa changu hakijatulia. Tusifungue."

Nikarudisha kufuli langu. Kesho nitavaa shati lenye mikunjo kwenda kanisani, na atakayelitazama, alitazame. Masanduku yangu yote ya Machi hayakuweza kufanya alichofanya Persis pale kwa maneno machache.

Jumapili, 2 Juni

Sheila amekuja, amesoma daftari tena tangu mwanzo. Akauliza kwa nini matukio hayana namba siku hizi. Nikasema namba ziliniishia. Mama yake alikuwa anampima mabega kwa utepe ili amshonee gauni, akimkaripia kwamba amekonda. Sheila aligeuza uso dirishani. Niliona anafuta macho, nikajifanya natafuta miwani.

Ijumaa, 7 Juni

Jua limetoka tangu asubuhi. Gauni la Sheila limekwisha, la rangi ya kijani, na mikono yenye mikunjo midogo ambayo sijui inaitwaje. Tumefungua makufuli saa kumi kasoro, yeye la kwake kwanza. Niko mlangoni pa chumba chake na kiti changu, daftari juu ya goti, taa nyekundu juu ya kichwa. Namwona anavyopitisha pasi: anarusha matone ya maji kwa vidole, anavuta kitambaa, anapita mara moja bila kurudia. Anaimba kwa sauti ya chini wimbo wa Kigusii, maneno mengine yamempotea na mahali pake anavuma tu, lakini hapotezi mdundo.

Amebakiza mkono mmoja wa gauni.

Taa imezima. Ameiinua pasi akaisimamisha mahali pake, ametazama juu ya mlango, kisha amenitazama mimi.

"Baba Sheila, dakika zimeisha. Niongezee."

Naweka kalamu chini. Naenda kumwongezea.